Barabara Waliyoichimba Wanafunzi

Vijana wa ofisi ya barabara,

Siku mliponifanyia chai ya kuniaga mliniomba niseme neno. Nilisimama, nikasema asanteni, nikakaa. Baadaye nilimsikia mmoja wenu akisema pale nje, "Huyu mzee hana hadithi." Ninazo. Ila si za kusimulia mtu akiwa ameshika kipande cha keki.

Sasa niko nyumbani. Migomba imepaliliwa, ng'ombe wamenizoea, na mke wangu ameanza kuniuliza kama leo sina pa kwenda. Kwa hiyo ninaandika. Sitaandika ni lini nilipandishwa cheo wala mshahara ulikuwa shilingi ngapi. Hayo yamo kwenye faili, na kama panya wa stoo ni wale wale ninaowajua, hayamo tena. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya barabara moja upande wa Nyamira ambayo hamtaikuta kwenye ramani iliyo ukutani. Mlima wenyewe sitautaja. Wenyewe wapo, wataujua.

Niliingia kazi hii mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa tayari mtu mzima, nimetoka kuchuma chai kwenye mashamba ya wazungu kule Kericho. Siku ya kwanza nilifika stoo ya Kisii mjini na jembe langu mwenyewe begani, nikidhani nitasifiwa. Aliyekuwa mkubwa wa kikosi ni Mzee Odero, Mjaluo wa upande wa ziwa, mrefu, mwenye maneno machache na koti la mvua ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Aliliangalia jembe langu akasema, "Weka hilo ndani. Leo tunatembea."

Mvua ilikuwa inanyesha. Tulitembea kuelekea Marani asubuhi nzima, tukilowa, naye hasemi kitu, anaonyesha tu kwa kidole. Hapa maji yameingia barabarani. Hapa yametoka. Hapa yamekosa njia, yameamua kukaa. Tuliporudi meno yalikuwa yananigongana.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Maji."

"Basi. Wengine wanakaa kazini mwaka mzima hawajayaona. Barabara haiuawi na magari, omera, ndugu yangu. Inauawa na maji. Jua maji yanataka kwenda wapi, uyape njia. Iliyobaki ni jasho tu."

Ninyi mna greda, na ndani ya greda kuna kiti na kioo. Nawaomba mshuke siku moja mvua ikinyesha. Hamtakufa.

Mzee Odero alinifundisha mambo mengi, lakini mawili ndiyo yanayohusu hadithi hii. La kwanza ni vile vijiti vitatu vya mbao vyenye umbo la herufi T. Unasimamisha kimoja mwanzo, kimoja mwisho, unainama na kuangalia kwa jicho moja juu ya vichwa vyake, na mwenzako anapandisha au anashusha kile cha katikati mpaka vyote vitatu viwe kama kimoja. Hapo unajua udongo ukatwe wapi na ujazwe wapi. Havihitaji betri wala Mzungu. La pili ni shimo la murram, ule udongo mwekundu wa changarawe unaomwagwa juu ya barabara. Kila asubuhi, kabla mtu hajashika sururu, Odero alisimama kwenye ukingo wa shimo akasema maneno yale yale, hata kwa wazee walioyasikia miaka yote: "Tunakata kutoka kichwani. Ukianza tumboni, mlima utakulalia." Kukata tumboni ni haraka zaidi, na ndiyo maana inabidi kusemwa kila siku. Unachimba chini, na ile murram ya juu inaanguka yenyewe bila kuguswa. Inaanguka ikitaka yenyewe.

Odero alipostaafu na kurudi kwao ziwani, aliniachia vile vijiti, na mimi nikarithi kikosi na yale maneno.

Miaka ile kila mlima ulikuwa unajenga kitu. Hapa shule ya Harambee, pale josho la ng'ombe, kule zahanati yenye kuta na bila paa. Ilikuwa miaka ya kwanza ya sabini alipokuja ofisini mwalimu mkuu wa shule moja ya Harambee, mtu mfupi mwenye suti ya kahawia na viatu vyenye tope. Shule yake ilikuwa juu ya mlima usio na barabara. Kina mama walibeba magunia ya pareto mgongoni hadi kituo cha kununulia, na wagonjwa walibebwa kwa machela.

"Kila siku tunaambiwa kwenye redio kwamba vijana wachangie maendeleo ya nchi," akamwambia mkubwa wangu. "Mimi ninao vijana. Wana mikono na wana likizo. Nipeni mtu wa kuwaonyesha."

Ofisi haikuwa na fedha ya barabara hiyo. Ilikuwa na mimi.

Nilipanda mlima Jumatatu ya kwanza ya likizo bila furaha. Nilijua kazi ya wanafunzi: wanakuja na kelele, saa nne wana njaa, saa sita wana malengelenge, kesho yake wana malaria. Niliwakuta wamepanga mstari, kidato cha pili na cha tatu, kila mmoja na jembe la mama yake. Nikawaonyesha mifereji inavyochongwa na mgongo wa barabara unavyoinuliwa katikati ili maji yakimbie pembeni. Walisikiliza. Mmoja aliyekuwa mrefu kuliko wote aliinua mkono kama yuko darasani.

"Tata," akaniita, yaani baba kwa Ekegusii, "hii itafika mpaka wapi?"

"Mpaka ikutane na ile kubwa ya kwenda Nyamira."

"Na gari la wagonjwa litaweza kupanda?"

"Tukiifanya vizuri, litapanda."

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuchimba. Nilikuja kujua baadaye kwamba jina lake ni Nyakundi, na kwamba baba yake alifia kwenye machela, katikati ya mteremko ule, waliombeba wakiteleza kwenye tope na yeye akiwashikia taa. Mama yake, Moraa, alikuwa akiwasomesha wawili kwa pareto, yeye na dada yake Kerubo.

Wasichana walikuwa wamepangiwa kupika uji. Siku ya pili Kerubo aliacha sufuria kwa wenzake akaja kusimama karibu yangu, mikono nyuma, macho kwenye vijiti vyangu.

"Hii ni misalaba ya nani?"

"Si misalaba. Inama hapa. Funga jicho moja."

Aliinama. Akaangalia mara mbili, kisha akasema, "Hicho cha katikati kiko chini." Kilikuwa chini, upana wa kidole. Kuanzia siku hiyo sikumrudisha kwenye uji. Kwenye kona kali iliyonishinda, mahali ambapo mimi ningeenda moja kwa moja na kuua breki za kila lori, alichora kwa fimbo chini, akatumia hesabu za pembetatu walizofundishwa, akaniambia tukiizungusha njia kupitia shamba la mboga za mgagani mteremko utapungua. Mwenye shamba alikubali baada ya mabishano ya siku nzima. Kona hiyo ndiyo sehemu pekee ya barabara ile iliyodumu.

Sitaki mfikiri walikuwa malaika. Walivunja mipini, waliiba miwa, walitunga wimbo juu ya upara wangu. Na dini ilinitesa. Jumamosi Wasabato walikuwa kanisani, nikabaki na Wakatoliki. Jumapili Wakatoliki walikwenda, nikabaki na Wasabato. Mwalimu mkuu alisema hiyo ndiyo maana ya umoja wa kitaifa: kazi haisimami. Yeye mwenyewe alipumzika siku zote mbili.

Lakini walifanya kazi, wenzangu. Nimeongoza watu wazima waliolipwa ambao hawakufanya nusu yake. Siku moja tulipokuwa tumekaa kunywa uji nilimwuliza Nyakundi kama anajua kwamba anajenga taifa. Niliyasema hayo kwa mzaha, kwa sababu mwalimu mkuu aliyasema kila asubuhi.

"Mwalimu anasema taifa," akanijibu. "Mimi najenga njia ya mama."

Tulichimba likizo hiyo na iliyofuata. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tumeshuka hadi mtoni na kupanda upande wa pili. Mtoni tuliweka magogo, kwa sababu ofisi iliahidi kalvati, yaani yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitishia maji chini ya barabara. Kilichobaki ni kumwaga murram. Tulifungua shimo mlimani, na kila asubuhi nilisimama kwenye ukingo nikasema maneno ya Odero. Wanafunzi wakawa wanayamalizia kabla yangu, wakicheka: "…mlima utakulalia."

Kisha daraja dogo upande wa Kenyenya likachukuliwa na maji, nikaitwa. Kabla ya kuondoka nilimwita Ratemo, katibu wa kamati ya barabara, mtu mwenye duka, mwenye heshima, niliyemwamini na ambaye hata leo sina chuki naye. Nikamwambia wasiguse shimo mpaka nirudi. Wasafishe mifereji. Akasema sawa.

Nilikuwa Kenyenya, nimesimama kwenye maji mpaka magotini, alipokuja dereva wetu. Hakuzima injini. Alisema, "Mzee, panda. Ni kule kwa wanafunzi."

Yaliyotokea niliyajua kwa vipande, kutoka kwa watu waliokuwepo. Habari ilikuwa imefika mlimani kwamba mheshimiwa mmoja, mkubwa wa serikali, atakuja kuifungua barabara mapema kuliko ilivyopangwa, tena siku si nyingi. Ratemo alikwenda shuleni akiwa na wasiwasi. Wavulana wakaingia shimoni. Walianza kutoka kichwani kama walivyofundishwa, lakini murram ya juu ilikuwa ngumu kama jiwe na lundo halikui. Mmoja akapiga sururu chini, murram ikaanguka nyingi mara moja, wakafurahi. Mchana uji ulipoletwa, Nyakundi aliwaambia wenzake watoke wakanywe, yeye atamalizia kidogo. Kerubo alikuwa barabarani, ameinama juu ya vijiti, jicho moja limefungwa. Alisikia sauti kama ya lori linalomwaga mzigo. Alidhani ni lori.

Walichimba kwa mikono. Walimtoa kabla jua halijatua.

Nilipofika nilikwenda kwanza shimoni, kabla ya kwenda kwa mama yake. Sikuwa na ujasiri wa kuanza na mama. Ukuta ulikuwa umekatwa tumboni vizuri, kwa usafi, mstari umenyooka, kazi ya mtu anayejali kazi. Ratemo alinifuata pale. Kofia ilikuwa mkononi.

"Niliambiwa mgeni anakuja," akasema.

"Nani uliyemwambia achimbe?"

"Sikumwambia mtu, Bwana Mogaka. Nilisema tu murram haitoshi."

Nimefikiria maneno hayo miaka mingi. Ninawaomba ninyi mnaokwenda kuwa wakubwa mahali myafikirie. Ukimwambia mtu mzima aliyeajiriwa kwamba murram haitoshi, atakuuliza ni kosa la nani. Ukimwambia kijana wa miaka kumi na saba, kijana mwenye moyo, atakwenda kuileta.

Siku ya mazishi kulikuwa na hotuba. Ofisa mmoja wa tarafa alisema kijana huyu amekufa akijenga nchi, na kwamba nchi haitamsahau. Moraa alikuwa amekaa chini na kina mama wenzake, miguu imenyooshwa, khanga kichwani. Hakulia wakati huo. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Ekegusii, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza habari za soko, "Kama ni nchi aliyokuwa anaijengea, mbona mmekuja ninyi tu?"

Ofisa hakuelewa Ekegusii. Akageuka kuniuliza amesema nini. Nikamwambia anashukuru.

Nilidhani kazi imekufa. Nilirudi mlimani wiki iliyofuata kukusanya vifaa. Nilimkuta Kerubo amevipanga vyote kwenye ukuta wa shule: majembe yameoshwa, karai juu ya karai, vijiti vyangu vitatu vimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Tata, kesho unakuja?"

"Kufanya nini?"

"Tumekubaliana tumalize."

"Ninyi mmekubaliana? Mama yako je?"

"Mama hajasema ndiyo, hajasema hapana." Alikuwa akiangalia mikono yake. "Ikibaki hapo ilipo, itakuwa alikufa akichimba shimo."

Kesho yake nilikwenda. Shimo lile nililifunga kwa miiba. Tulifungua jingine, dogo, nikakata mwenyewe na watu wangu watatu wa kikosi niliowaomba waje siku zao za mapumziko, na wanafunzi wakabeba tu. Hakuna aliyeimba juu ya upara wangu. Tulimaliza likizo ya Aprili.

Mheshimiwa alikuja hatimaye. Alikuja kwa gari, juu ya barabara yao, mpaka uwanjani mwa shule, na hilo peke yake liliwafanya wazee wengine kutoa machozi. Kerubo ndiye aliyechaguliwa kumvisha shada la maua. Mheshimiwa alisema vijana ni viongozi wa kesho. Alisema nchi hii itajengwa na mikono kama hii, akainua mkono wake mwenyewe. Alimtaja Nyakundi kwa jina la mtu mwingine. Kisha akasema kwamba kuanzia siku ile barabara hiyo ni ya serikali, na serikali italeta kalvati na greda. Watu walipiga makofi. Nilipiga na mimi. Kwa nini nisipige? Niliamini.

Kwa misimu kama miwili lori la pareto lilipanda mpaka juu, na kina mama wakaacha kubeba magunia. Niliona hilo kwa macho yangu, na ni haki niliseme. Mama mmoja mwenye uchungu wa kuzaa alishushwa kwa gari akajifungulia hospitali. Kama hadithi ingeishia hapo, ningewasimulia kwenye chai.

Nilikwenda kwa mkubwa wangu kuuliza kalvati. Alikuwa injinia kijana, mchapakazi, si mtu mbaya. Alinipeleka kwenye ramani ukutani.

"Nionyeshe."

Nikaweka kidole. Hapakuwa na mstari.

"Bwana Mogaka, kuna barabara zilizo kwenye hii ramani ambazo sina mafuta ya kuzifikia. Hiyo yako haijaandikishwa. Siwezi kupeleka bomba mahali pasipokuwepo."

"Mheshimiwa alisema ni ya serikali."

"Alisema wapi?"

"Uwanjani."

Alinihurumia, niliona. Aliahidi kuiulizia Nairobi, na nadhani aliulizia. Nilimwuliza tena mwaka uliofuata, na aliyekuja baada yake nikamwuliza, na aliyekuja baada ya huyo. Mwisho makarani wakiniona nakuja wanasema, "Kalvati imefika ofisini."

Mvua za masika ya kwanza zilitikisa yale magogo ya mtoni. Wanafunzi waliyarudisha wenyewe wakati wa likizo, Kerubo akiwaongoza, mimi nikiwapelekea beleshi za kuazima. Masika ya pili wao walikuwa katika mwaka wa mtihani, na wadogo zao hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha. Maji yaliingia kwenye mfereji ulioziba, yakakosa njia, yakapanda barabarani. Mliokaa nami mnajua kinachofuata. Kwanza ni ufa wa kidole, kisha mfereji katikati ya barabara, kisha korongo. Masika ya tatu lori la pareto lilifika mtoni likageuza. Halikurudi. Magunia yakarudi mgongoni. Machela pia, ila sasa waliobeba ilibidi wapite pembeni, kwenye mashamba, kwa sababu barabara yenyewe ilikuwa mbaya kuliko kile kijia cha zamani.

Na wale wanafunzi? Walimaliza kidato cha nne. Wachache walifaulu vizuri. Waliobaki niliwaona Nyamira sokoni, wamekaa kwenye baraza ya duka wakiwa bado na mashati meupe ya shule, wakisubiri kitu. Baba zao walikuwa na vipande vya shamba visivyotosha kugawa tena. Baadhi yao walikuja stoo kuniomba kibarua cha kufyeka nyasi kandokando ya lami. Vijana hao walijua kupima mteremko, kuchonga mfereji, kuinua mgongo wa barabara. Hapakuwa na haja ya kuwafundisha kitu. Niliwajibu jibu nililopewa, kwamba nafasi hakuna. Mmoja aliniuliza, bila ubaya, "Ile tuliyofanya, haihesabiwi kama uzoefu?"

Kerubo nilimpeleka mwenyewe kwa injinia. Nilimwambia huyu msichana ana jicho ambalo sijaliona kwa mtu mwingine tangu Mzee Odero. Injinia alimwuliza maswali mawili ya hesabu, akajibu yote. Kisha akaniambia mimi, siyo yeye, "Lakini msichana atalala wapi kambini?" Sikuwa nimefikiria hilo. Kerubo alisimama pale akisikiliza wanaume wawili wakijadili mahali pake pa kulala. Akasema asante, akatoka. Baadaye alipata kufundisha shule ya msingi kule kule mlimani, bila mafunzo, kama ilivyokuwa wakati huo.

Mnaniuliza wakati mwingine, hasa ninyi mliotoka vyuoni, kama vijana wa shule wanaweza kweli kusaidia nchi, au ni maneno ya redio. Wanaweza. Nimewaona. Wanaweza kuliko mimi na ninyi, kwa sababu bado hawajajifunza kupunguza nguvu. Sijawahi kuwa na shaka na hilo hata siku moja. Shaka yangu iko upande wa pili, kwa huyo anayetakiwa kupokea wanachokileta. Nilimtafuta miaka yote niliyokuwa kazini. Nilimtafuta kwenye ofisi hii.

Sasa niwaambie la mwisho. Ni la mwaka jana, na wengine wenu mlikuwepo, ila mlidhani ni shule imekuja kutembelea mji.

Nilikuwa stoo nikihesabu mipini. Mlinzi akaja kusema kuna mwalimu nje. Nilitoka, nikamwona Kerubo, mwanamke sasa, mwenye sweta la bluu na viatu vya raba. Nyuma yake, kando ya uzio, walikuwa watoto wa darasa la saba, wamepanga mstari, kila mmoja na jembe begani. Walikuwa wametembea kutoka mlimani.

"Bwakire, tata," akanisalimu.

"Bwakire. Mama hajambo?"

"Yupo. Miguu ndiyo inamsumbua."

"Na hawa?"

"Ni darasa langu. Si mimi niliyewatuma, wao ndio waliotaka. Nilikuwa nawafundisha pembetatu, nikawapeleka kwenye ile kona kuwaonyesha. Wakauliza kwa nini barabara inaishia pale. Wanataka kuifungua tena mpaka mtoni." Aligeuka kuwaangalia, kisha akaendelea. "Tunaomba beleshi na karai. Na mtu wa kutuonyesha."

Niliwaangalia. Mmoja alikuwa na jembe refu kuliko yeye. Niliangalia kama kuna mrefu kati yao.

"Hapana, Kerubo."

"Kwa sababu ya Nyakundi?"

"Kwa sababu yake, na kwa sababu ya ninyi wote. Watachimba, masika yatakuja, hakuna atakayeleta kalvati. Najua. Nimeuliza mpaka wananicheka. Sitawaambia watoto wengine wachimbie hewa."

"Wanajua inaweza kubomoka. Niliwaambia."

"Warudishe darasani," nikasema. "Waache wasome. Wakisoma, watasaidia nchi wakiwa wakubwa."

 Kerubo alikuwa ananiangalia kwa jicho lile lile, jicho la kupima.

"Mimi nilisoma, tata," akasema.

Hakuyasema kwa hasira. Alinishika mkono kuniaga kwa heshima zote, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia, kama anavyoagwa mzee. Kisha akawaendea watoto akasema nao kwa sauti ndogo. Kulikuwa na swali moja, na jibu fupi. Hawakunung'unika. Nilitamani wanung'unike. Waliinua majembe yao, wakaanza kurudi walikotoka, mmoja nyuma ya mwingine, kandokando ya lami.

Wa mwisho alikuwa msichana mdogo mwenye jembe lililofungwa mpini kwa waya. Alitembea kinyumenyume, akiliangalia lango letu, akiningoja nibadili neno. Alitembea hivyo mpaka kwenye kona. Pale mwenzake akamshika bega, akamgeuza.